Mita Nne za Kitopeni

Sogeeni. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana nikishaanza sirudi nyuma, na mwisho wa hadithi hii nitamdai kila mmoja jibu lake. Hata wewe uliyejiegemeza ukutani, unayejifanya umelala.

Hapo zamani palikuwa na kijiji kinaitwa Kitopeni. Msinicheke kwa kusema zamani. Zamani si lazima iwe ya masultani na majini. Simu zilikuwepo, pikipiki zilikuwepo, na mimi mwenyewe nilikuwepo. Tangu siku ile imepita miaka minane, na kwa mtu aliyehama nyumba yake na ndara moja mguuni, miaka minane ni zamani tosha.

Kilichogombewa ni jina. Kwetu Kitopeni mtoto hapewi jina tupu; jina lina mwenyewe, na mwenyewe anaitwa somo. Siku ya saba somo huja na doti ya kanga, humfunika mtoto, humnong'oneza jina sikioni. Toka hapo mtoto ni wake pia. Akiugua, somo huuguza. Akiolewa, somo hukaa mbele. Na somo akifa hatusemi amekwisha, tunasema yupo, amebaki kwa fulani. Sheria ni moja tu: somo ni mmoja. Huwezi kumbandika mtoto majina matatu ili uwaridhishe watu, ukifanya hivyo wote watatu wamekosa. Haya. Siku ile wanawake watatu walikuja na doti tatu kwa ajili ya mtoto mmoja.

Nianze na mahali penyewe. Kitopeni ilikaa ubavuni mwa mto Luwanga, na kati ya mto na nyumba kulikuwa na tuta la udongo, refu kupita mtu, lililojengwa enzi za mashamba ya mpunga ya ushirika. Watoto waliteleza juu yake, mbuzi walilala juu yake. Ndani, kenge na panya buku walikuwa wamelitoboa kama mkeka wa zamani, na hakuna aliyejua. Shikeni hilo, kwa sababu baadaye kila mtu alijidai alijua.

Mwanamke wa kwanza ni Bibi Havijawa, msoma mto. Kulikuwa na nguzo imesimikwa majini kando ya ukingo, imepakwa rangi nyeusi na nyeupe, ina namba zinazohesabiwa kutoka chini kabisa katikati ya mto. Asubuhi na jioni Bibi Havijawa alishuka, akatazama maji yamefika namba gani, akaipeleka namba ile ofisi ya maji ya bonde. Kwanza kwa barua, baadaye kwa simu. Miaka thelathini na moja. Mume alimzika, mtoto hakujaliwa, na jina la Havijawa hakuna mwingine aliyelichukua katika bonde zima.

Wa pili ni Zamoyoni, fundi wa kompyuta katika ofisi hiyo ya bonde, mjini, mwendo wa saa tatu kwa pikipiki. Mwanamke mpole, mwembamba, anayefikiri kabla ya kukujibu salamu.

Na wa tatu ni Tegemea. Huyo ndiye fundi wa kuzunguka vituoni, na buti zake za mpira na kompyuta yake ndani ya mfuko wa nailoni. Hajui kunyamaza. Akicheka unamsikia umbali wa mashamba mawili.

Sasa kuna jambo la kompyuta hapa. Mjukuu wa dada yangu amenieleza mara tatu, mara ya tatu ndiyo likaingia, kwa hiyo nitalisema taratibu.

Ndani ya kompyuta kuna daftari kubwa, mafundi wanaliita kanzidata. Kila maji yakipimwa, daftari linaongezewa mstari: kituo gani, saa ngapi, mita ngapi. Daftari lenyewe halina hofu. Litaandika mita mbili, litaandika mita ishirini, halishtuki. Ndipo Zamoyoni akalitegea mtego. Wenyewe wanauita triga. Mtego ule hulala juu ya daftari ukingoja mstari mpya. Mstari ukiandikwa, mtego unautazama. Maji yakiwa chini ya kiwango, unarudi kulala. Yakivuka kiwango, unaamsha king'ora kijijini.

Vituo vilikuwa kumi na viwili, kila kimoja na kiwango chake. Zamoyoni hakutaka kuandika amri mara kumi na mbili. Aliandika skripti moja, yaani orodha moja ya maagizo, na juu kabisa akaweka visanduku viwili vyenye majina. Kimoja kinaitwa kituo. Cha pili kinaitwa kiwango. Huko chini, kila penye kijiji ameandika kituo, kila penye mita ameandika kiwango. Fundi akifika mahali anabadilisha kilichomo kwenye visanduku, anaendesha skripti, mtego umetegwa. Kazi ya siku nzima ikawa ya dakika tano. Mjini walimpigia makofi, na haki yake.

Ila skripti ikiendeshwa, kompyuta hufungua kisanduku, huchukua kilichomo saa ile ile, hukishonea ndani ya mtego. Toka hapo mtego haukijui kisanduku tena. Ni kama chumvi. Ukishaitia mchuzini, unaweza kulimwaga kopo, ukalijaza sukari, mchuzi una chumvi ile ile. Ukitaka kubadilisha, upike upya. Mafundi wote walifundishwa: ukigusa kisanduku, endesha upya. Zamoyoni aliliandika hilo kwenye mstari wa kwanza wa skripti, kwa herufi kubwa.

Tegemea alikuja kwetu mwezi wa pili akitokea Daraja la Juu, kituo cha kule mto unakotoka. Kule hakuna tuta, kwa hiyo kiwango chao ni mita nne. Kwetu wahandisi walikuwa wamelipima tuta wakaandika sita. Akakaa kwenye kibanda cha mitambo kando ya ghala la mpunga, akafungua kompyuta. Mimi ndiye niliyekuwa namkaangia mihogo, na naapa sikumsumbua kwa maneno. Basi, nilimsumbua kidogo. Akabadilisha kisanduku cha kituo, akaandika Kitopeni. Akaendesha skripti. Mtego ukategwa. Ndipo alipotazama juu akaona kisanduku cha pili bado kina nne ya Daraja la Juu.

"Lo," akasema, "ningewakimbiza kila wiki."

Akafuta nne, akaandika sita, akahifadhi. Mihogo ikawa tayari. Akala, akanawa, akacheka na sisi. Halafu akaujaribu mtego: akaandika mstari wa uongo, Kitopeni, mita saba. King'ora kikalia mpaka kuku wakaruka. "Kimekubali," akasema. Na kweli kilikubali, kwa sababu saba inapita nne na inapita sita. Akatia alama ya vema kwenye fomu, akapanda pikipiki yake, akaenda.

Kisandukuni sita. Mtegoni nne. Na hakuna aliyejua.

Masika yakaja. Jumanne moja ya mwezi wa nne, binti mmoja anaitwa Mwajabu alishikwa na uchungu tangu alfajiri, mimba yake ya kwanza. Nyumba yake ndiyo iliyokuwa jirani kabisa na tuta. Mama mkwe wake akasema asisogezwe, mtoto yuko njiani. Na mvua kwetu haikuwa na neno, manyunyu tu. Iliyokuwa inanyesha ilikuwa inanyesha milimani, kwenye kijito kinachoingia Luwanga chini ya Daraja la Juu, kwa hiyo hata wenzetu wa kule hawakuona kitu. Sisi tulikuwa tunapepeta mchele.

Saa tatu asubuhi gogo likaja na maji, likakigonga kipimo cha umeme kilichofungwa mtoni, likaenda nacho. Kipimo kikipotea, daftari halipati mstari. Daftari lisipopata mstari, mtego unalala.

Bibi Havijawa, tangu mitambo ile iwekwe, alikuwa ameambiwa apumzike. Bibi, kipimo kikiharibika tu ndipo utume kwa simu, walimwambia. Lakini alikuwa anashuka mtoni kila siku vilevile, hata Ijumaa, hata akiwa na homa. Watu walimtania. Mimi pia nilimtania, Mungu anisamehe. Siku ile akashuka, akaona kipimo hakipo. Akatazama nguzo yake, ikawa imezongwa na magugu, namba hazionekani. Jirani yangu Mama Kipingu alikuwa juu ya tuta anatafuta mbuzi wake, akamwona kwa macho yake. Bibi Havijawa alifunga simu ndani ya kilemba, akajikaza kanga kiunoni, akaingia. Maji yalimfika magotini, yakamfika kiunoni, yakamfika kifuani. Akaikumbatia ile nguzo kwa mkono mmoja, akayang'oa magugu kwa mkono wa pili. Akasoma. Akatoka bila ndara. Akafungua kilemba, akatuma: Kitopeni, nne nukta thelathini.

Mstari ukaingia daftarini. Mtego ukautazama. Nne na thelathini inapita nne. King'ora kikalia.

Sasa niwaambie ukweli wa watu. Kililia, na sisi tukatazamana. Mmoja akasema wanajaribu tena wale. Mwingine akasimama na ungo mkononi. Mimi nilisogea mlangoni, nikarudi kukoroga sufuria. Dakika mbili nzima hatukwenda popote, tulikuwa tunangoja kizimwe. Kingezimwa, tungeendelea kupepeta.

Na mjini walikuwa wanataka kukizima. Mkuu wa ofisi, Bwana Mtandika, alisimama nyuma ya kiti cha Zamoyoni akatazama kompyuta.

"Kitopeni inalia kwa nne na thelathini? Kitopeni si sita?"

"Ni sita, mzee."

"Basi ni uongo huo. Zima."

Zamoyoni akampigia Tegemea simu, akamkuta anakunywa chai kituo kingine. "Tegemea, Kitopeni uliweka ngapi?"

"Sita, dada. Ngoja nikuhakikishie." Akafungua kompyuta. "Hii hapa, sita."

"Uliibadilisha ukaendesha upya?"

Tegemea asiyejua kunyamaza akanyamaza.

"Nimekuelewa," Zamoyoni akasema, akakata simu. Akajua ni kosa. Akaandika amri ya kuuondoa mtego, mstari mmoja mfupi, akabakiza kubonyeza tu. Bwana Mtandika akamwambia, tena si kwa ubaya, "Mwanangu, kule kijiji cha Mtakuja tuliwalizia king'ora cha uongo, wakakata nyaya zote. Ukimdanganya mtu mara moja, siku ya kweli hatoki nyumbani. Zima."

Zamoyoni akautazama ule mstari kwenye daftari. Akaona haukuletwa na kipimo. Umeletwa na simu. Maana yake mtu amesimama kwenye maji yale akaisoma namba ile kwa macho. Akatoa mkono.

"Acha kilie, mzee," akasema. "Kesho wakitutukana, nitakwenda mwenyewe nikatukanwe."

Kikalia. Kikalia mpaka kikatukera, na kero ndiyo iliyotutoa. Shomvi, mumewe Mwajabu, alimpakia mkewe juu ya baiskeli, mama mkwe akishika nyuma huku akilaani mitambo yote ya dunia. Tukapanda kilimani, kwenye shule. Mimi ndara moja, hilo nimeshawaambia.

Dakika arobaini toka king'ora kianze, tuta likapasuka. Alama ya maji tuliipima baadaye: mita nne na tisini. Sita haikufika. Isingefika kamwe, kwa sababu maji yalipopata mlango hayakuwa na haja ya kupanda zaidi. Nyumba ya Mwajabu ilikwenda ya kwanza. Kitanda alichokuwa amelalia tulikikuta siku ya tatu kimenasa mtini. Mbuzi walikufa, kuku walikufa, mpunga wa ghala zima uliota mizizi. Mtu hata mmoja hakufa. Adhuhuri, kwenye darasa la tatu, chini ya ubao wenye hesabu za kugawanya, Mwajabu akajifungua mtoto wa kike.

Walimu walipendekeza aitwe Mafuriko. Mwajabu akasema mwanawe si janga. Mama mkwe, ambaye kwa desturi jina lilikuwa haki yake, akasema lake lingoje mtoto wa pili. "Huyu," akasema, "apewe jina la mtu aliyetutoa pale." Na habari ikaenda mpaka mjini.

Siku ya saba ikafika. Tulikuwa bado tunalala madarasani, tumetandika majamvi uwanjani. Wakaja watatu, kila mmoja na doti yake. Ya Zamoyoni ilikuwa mpya, bado ina harufu ya dukani. Ya Tegemea ilikuwa na matope pembeni, aliifunga kwenye pikipiki. Na ya Bibi Havijawa niliitazama sana. Haikuwa imekatwa wala kupindwa, lakini pale kwenye mikunjo ilikuwa imegeuka manjano. Mama Kipingu akaninong'oneza kwamba aliinunua mwaka alioolewa, akaiweka kwa ajili ya siku atakapokuwa somo wa mtoto. Nikaona aibu, sijui kwa nini.

Tegemea ndiye aliyeanza, mngetegemea nani? Na alianza kwa kujichongea. Akatueleza mambo ya visanduku, akatueleza mihogo, akatueleza kwamba mtego ulikuwa na nne na yeye alidhani una sita. Uwanja mzima ukanung'unika.

Mama Kipingu akasema, "Kumbe tumeokolewa na uzembe."

"Ndiyo, mama. Uzembe," Tegemea akajibu. "Ofisini nimeshaandikiwa barua, na ninaistahili. Lakini niondoeni mimi katika siku ile, halafu mwone. Mleteni fundi mwangalifu. Anabadilisha kisanduku, anaendesha upya, mtego unashonewa sita. Bibi anatuma nne na thelathini, mtego unatazama, unarudi kulala. Dada Zamoyoni hana cha kuzima wala cha kuacha. Na ninyi mko chini mnapepeta mchele. Sikukusudia, nakubali. Mvua nayo haikusudii kumwagilia mahindi yenu, na bado mnaishukuru."

Watu wakacheka kidogo, halafu wakaacha.

Zamoyoni akasimama. Kisha akasema, "Kosa la Tegemea lililia dakika mbili. Dakika thelathini na nane zilizobaki nililiza mimi, kwa sababu nilijua ni kosa, na nilikuwa na uwezo wa kulinyamazisha, na nilikuwa nimeamriwa nilinyamazishe. Ninyi wenyewe mnasema mlikuwa mnangoja kizimwe. Niondoeni mimi katika siku ile, mwekeni mtu mtiifu kwenye kiti changu. Kinazimwa. Mnarudi jikoni. Tena bila skripti yangu Kitopeni isingekuwa na king'ora masika yale, mngengoja zamu yenu mwaka wa pili."

"Na ile sita, dada?" Tegemea akamuuliza, wala hakuwa na hasira. "Ile sita uliyotaka tuishone. Ulikuja ukalitazama tuta?"

"Sikuja. Waliniletea namba, nikaipokea."

"Basi kwa namba yako wangekufa."

"Kwa namba yangu wangekufa," Zamoyoni akasema, na machozi yakamtoka pale pale mbele ya watu.

Nakuona unanyanyua mkono. Ushushe, bado mmoja.

Bibi Havijawa aliinuka kwa kushika goti. "Mimi visanduku vyenu sivijui," akasema. "Najua hivi tu. Mtego wa nne, mtego wa sita, yote ilikuwa inangoja mstari. Kipimo chenu kilikwenda na gogo. Niondoeni mimi katika siku ile, na mtego ungekuwa unangoja mpaka leo. Hakuna wa kukosea, hakuna wa kukataa amri. Mstari wenyewe niliutoa mtoni kwa kifua changu. Na kazi ile nilikuwa nimeshaambiwa niiache."

Watu wakaitikia kwa sauti moja, na wengi tukadhani mambo yamekwisha. Lakini Zamoyoni akapiga goti mbele yake.

"Shikamoo bibi. Niwie radhi kwa swali. Ulipoiona nne na thelathini, ulijua king'ora kitalia?"

"Marahaba. Sikujua."

"Uliogopa?"

Bibi Havijawa angeweza kusema aliogopa. Nani angempinga? Akafikiri, akasema, "Sikuogopa, mwanangu. Nilijua tuta linabeba sita, mliniambia ninyi. Nilisoma kama ninavyosoma siku zote, nikatuma, nikaanza kutafuta ndara zangu. Kilipolia nilisema moyoni, mitambo hii mibovu." Akakaa. "Siwezi kuwadanganya juu ya kichwa cha mtoto."

Shomvi akamtazama mkewe.

Mwajabu alikuwa amekaa kwenye jamvi, mtoto mapajani. Akasema, "Nyote mmesema kilichopita. Mimi nina kinachokuja. Mwanangu akikua ataniuliza, mama, kwa nini naitwa jina hili? Nimjibu nini?"

Tegemea akasema, "Mwambie ni jina la mtu aliyekosea, na angeweza kuficha, akasema. Atakosea na yeye, atake asitake. Litamfaa."

Zamoyoni akasema, "Mwambie ni la mtu aliyejua kanuni inasema nini, na siku moja akaiacha."

Bibi Havijawa alikuwa ameshika doti yake kwa mikono miwili. Akasema, "Mwambie ni la mtu aliyekwenda kutazama." Halafu akaongeza, polepole, "Na mwambie nilikuwa sina mwingine wa kumpa."

"Hilo la mwisho, bibi, silo nililouliza," Mwajabu akasema.

"Najua, mwanangu. Limenitoka."

Mwajabu akamwinua mtoto. Akamtazama Tegemea, akamtazama Zamoyoni, akamtazama Bibi Havijawa. Kisha akanyoosha mkono, akaipokea doti moja.

Alichagua. Mtoto yupo, anasoma darasa la pili shule ile ile ya kilimani, ana jina na anaitika akiitwa. Jina nalijua na sitalitaja, kwa sababu nikilitaja mtasema "aa, kumbe", mwende kulala. Nitawaambia hili tu: doti moja ilifunguliwa ikamfunika mtoto. Doti mbili zilirudi zilikotoka, zimekunjwa kama zilivyokuja.

Sasa wewe ndiye Mwajabu. Mtoto yuko mapajani pako, wanawake watatu wamesimama mbele yako, na jina ni moja. Bila kosa la mmoja, king'ora kisingelia. Bila ukaidi wa mmoja, kingezimwa. Bila mazoea ya mmoja, kisingepata cha kulilia. Huyo aliyekosea hakukusudia, huyo aliyekataa ndiye aliyeipokea sita, na huyo aliyeingia majini hakujua anaokoa mtu. Na usinijibu haraka kwa kumwonea Bibi Havijawa huruma, maana huruma sikuiuliza.

Je, nani alistahili?

Wewe wa ukutani, fumbua macho. Tunaanza na wewe.